Kazi Isiyopiga Simu

Ushauri mwingi kuhusu kupanga muda hutolewa na watu wenye mlango. Wanakwambia ufunge mlango, uzime simu, uikate wiki yako vipande vya nusu saa tangu Jumatatu asubuhi hadi Ijumaa jioni, kisha ufuate ulichoandika. Mimi sina mlango. Ofisi yangu ni pikipiki, mtungi wa naitrojeni uliofungwa nyuma kwa mpira, mkoba wa dawa, na namba ya simu iliyoandikwa kwa chaki kwenye milango ya vibanda vya ng'ombe kati ya Lumakanda na Mautuma. Napandisha ng'ombe kwa mbegu za mrija na kuhudumia mifugo inayougua. Wakulima huniita daktari, ingawa cheti changu ni cha mhudumu wa afya ya wanyama. Ratiba yangu huandikwa na ng'ombe.

Hata hivyo wiki zangu hazivurugiki kama watu wanavyodhani. Mwalimu, wakala wa M-Pesa na fundi cherehani, majirani zangu wa chai ya saa nne, huniuliza nawezaje. Siri yenyewe ni ndogo: sizipangi kazi kwa kufuata aliyepiga simu kwanza, wala anayepiga kelele zaidi. Nazipanga kwa kile kitakachoharibika zikichelewa.

Lumakanda ni makao makuu ya Kaunti Ndogo ya Lugari, kaskazini mwa Kakamega, karibu na barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Webuye. Ardhi hii ilikuwa ya walowezi. Baada ya uhuru ikakatwa kuwa skimu za makazi, na familia zikahamia kutoka sehemu nyingine za Magharibi zilikobanana. Ukipita leo utaona mahindi, kisha mahindi tena, miwa hapa na pale, na nyuma ya jikoni ng'ombe mmoja au wawili wa gredi. Mwezi Machi mvua ikifungua, mambo yote hugongana. Trekta ni moja na wenye kulitaka ni kumi, mbolea inapigiwa foleni, watoto wako shuleni na karo haijakwisha, na ng'ombe naye hajui kwamba watu wanapanda. Hiyo ndiyo wiki ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu anayeimudu wiki ya kupanda atazimudu nyingine.

Lipi lina saa yake

Tuko karibu na mstari wa Ikweta, kwa hiyo mchana wetu haurefuki wala haufupiki sana. Jua huchomoza mwendo wa saa kumi na mbili unusu mwaka mzima. Wakamuaji huamka kabla yake, na hapo ndipo simu zinapoanza.

"Daktari, mulembe. Huyu ng'ombe amelia usiku kucha. Njoo sasa hivi."

Mgeni wa kazi hii angewasha pikipiki. Mimi huuliza kwanza: "Mama, ulimwona saa ngapi? Yeye ndiye anawapanda wenzake, au wenzake wanampanda na anasimama kimya?"

Maswali hayo yana sababu. Ng'ombe anayetafuta dume hukaa katika hali hiyo, tunayoiita joto, takriban nusu siku au zaidi kidogo, na yai halitoki mara moja. Hutoka saa kadhaa baada ya joto kwisha. Mbegu ikiwekwa mapema mno huchoka kabla ya yai kufika, na ikicheleweshwa yai huwa limepita. Katika miaka ya 1940 mtafiti Trimberger wa Nebraska, Marekani, alifuatilia jambo hili na kazi yake ikazaa kanuni inayofundishwa hadi leo: aliyeonekana asubuhi apandishwe jioni, aliyeonekana jioni apandishwe kesho yake asubuhi. Kwa hiyo "njoo sasa hivi" ya mama yule, nikiichambua, mara nyingi ni "njoo saa kumi alasiri". Dakika moja ya kuuliza imenipa mchana mzima.

Sasa linganisha na simu nyingine. Mzee anasema ng'ombe wake wa maziwa mengi alizaa jana, leo amelala, masikio ni baridi, na amekunja shingo kichwa kikaegemea ubavu. Hapo siulizi zaidi. Hiyo ni homa ya maziwa: kalsiamu ya damu imeshuka ghafla kwa sababu kiwele kinaivuta, na mnyama anaweza kufa kabla ya jua kutua. Naacha chai mezani. Nikifika naingiza kalsiamu kwenye mshipa polepole, huku nikisikiliza moyo, kwa maana kuiharakisha dawa hiyo kunaweza kuusimamisha moyo uleule unaotaka kuuokoa. Nakimbia barabarani ili nisikimbie nikifika.

Halafu kuna wale ambao kondo lao la nyuma halijatoka saa tatu baada ya kuzaa. Mkulima ana hofu, lakini kwa kawaida hutoka lenyewe ndani ya nusu siku. Namwambia asilivute, asubiri, nitapita kesho kama bado liko. Kuna dawa ya minyoo, kuna ndama wa kukatwa pembe. Hizo ni kazi za wiki, wala hazina saa.

Wahenga walituachia methali mbili zinazopingana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakukosea popote. Walituachia kazi ya kujua ni ipi ya kutumia leo. Watu wengi wanaolemewa na wiki wana kazi za kawaida tu, ila zote wamezipa saa ileile, yaani sasa. Mwalimu anasahihisha madaftari kwa haraka ileile anayompa mtoto aliyeanguka uwanjani, na ujumbe wa WhatsApp wa kikundi cha harusi anaujibu kabla ya barua ya mkuu wa shule. Ikifika Jumatano amechoka, na akiulizwa amefanya nini hana la kuonyesha.

Dharura zenye tarehe

Mkoba wangu una daftari lenye jalada gumu. Kila ninapopandisha naandika tarehe, boma, jina la ng'ombe na fahali aliyetumika. Kisha nafungua mbele na kuandika tena mara tatu: siku ya 21, kuangalia kama amerudi kwenye joto, mwezi wa tatu, kumpima mimba, na mwezi wa saba, kumkausha maziwa ili apumzike miezi miwili kabla ya kuzaa. Kuzaa kwenyewe huwa karibu siku 280 tangu kupandishwa.

Daftari hilo hubadilisha maana ya dharura. Mzee aliyepiga simu kuhusu homa ya maziwa anaiona kama radi. Mimi juma lile nilikuwa najua kwamba ng'ombe wake mkubwa, anayekamuliwa vizuri, mwenye umri ambao ugonjwa huu huupenda, yuko karibu kuzaa. Chupa mbili za kalsiamu zilikuwa mkobani tangu Jumatatu. Sikujua saa, lakini wiki niliijua.

Jaribu kuitazama kazi yako kwa jicho hilo. Fundi cherehani wa hapa kwetu hufurikiwa na sare za shule kila Januari, na kila Januari hulalamika kana kwamba shule zimefunguliwa kwa siri. Wakala wa M-Pesa huishiwa na pesa taslimu mwisho wa mwezi mishahara inapoingia, na mwisho wa mwezi haujawahi kukosa kufika. Mwenye duka la pembejeo huulizwa mbegu ya mahindi ileile siku mvua inaponyesha. Chukua kalenda, utazame miezi iliyopita, uweke alama kwenye siku zilizokutoa jasho. Utagundua kwamba nyingi zilikuwa na tarehe. Ukishazijua, kazi za taratibu ziondoe kwenye wiki hizo, na matayarisho yafanye katika wiki iliyotangulia.

Dakika kumi na tano

Kupanga siku ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwepo, akili na mikono pamoja, pale ulipojipanga kuwepo. Mimi umakini nilifundishwa na mrija mwembamba wa plastiki usiozidi unene wa kijiti cha wino ndani ya kalamu.

Mbegu hukaa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sufuri. Nikishamkagua ng'ombe na kuhakikisha kwamba kweli yuko tayari, namimina maji ya moto kutoka kwenye thamosi, nachanganya na ya baridi, natia kipimajoto mpaka kisome kati ya nyuzi 35 na 37. Nainua kikombe cha mirija, lakini hakivuki shingo ya mtungi, maana hewa ya kawaida ni moto mkali kwa mirija inayobaki. Nautoa mmoja kwa koleo, nauzamisha kwenye maji yale, nahesabu hadi arobaini. Naukausha kwa karatasi, kwa kuwa tone la maji likiingia huua mbegu. Naukata ncha, naupakia kwenye chombo, navika ala, natia kifuani ndani ya ovaroli usipoe. Kisha mkono wa kushoto unaingia kutafuta shingo ya kizazi, wa kulia unaongoza chombo kupita pete zake moja baada ya nyingine, hadi kidole kihisi ncha imetokeza upande wa pili. Hapo nasukuma taratibu. Tangu mrija uguse maji ya vuguvugu hadi hapo, zisipite dakika kumi na tano.

Katika dakika hizo simu yangu imenyamaza na iko kwenye mkoba, na mkoba uko mbali. Mwenye boma anajua kwamba simjibu hata yeye. Watu huniuliza: je, akipiga mwenye ng'ombe anayekufa? Nikimaliza nitampigia. Dakika kumi na tano hazijawahi kuwa tofauti kati ya uhai na kifo pale ambapo safari yenyewe ingechukua nusu saa ya matope.

Sayansi ya akili ina maelezo ya kwa nini mkoba uwe mbali. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anapoiacha kazi moja haijakwisha na kushika nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka, na kazi mpya huifanya vibaya zaidi. Kwa hiyo anayetupia jicho ujumbe "mara moja tu" hapotezi sekunde tano za kusoma. Anarudi kwenye kazi akiwa ameacha kipande cha akili kwenye ujumbe. Ndiyo maana katibu ofisini anaweza kuketi toka asubuhi hadi jioni mbele ya barua moja, asitoke hata kidogo, na barua isiishe.

Usijiahidi saa tatu za umakini kama kazi yako ni ya kuhudumia watu. Hutazipata, na utavunjika moyo. Tafuta kazi yako ina dakika gani za namna ile ya mrija, zile ambazo ukizikatiza kazi yote inaharibika. Kwa wakala ni kufunga hesabu ya jioni. Kwa muuguzi ni kupima dozi. Kwa mwalimu ni kutunga mtihani. Zilinde hizo kwa ukali, na waambie watu mapema kwamba unazilinda. Nje ya hapo, kubali kukatizwa bila manung'uniko, ndiyo kazi.

Nusu ya siku ibaki wazi

Kazi zisizo na saa nazipanga kwa njia. Jumatatu upande wa Mautuma, Jumanne Chekalini, Alhamisi Kipkarren na maboma ya kando ya barabara kuu. Mwenye ndama wa kukatwa pembe anajua siku ya upande wake, hivyo sivuki Lugari nzima kwa kazi ya robo saa. Lakini hata siku ya upande fulani siijazi. Naahidi maboma machache, ya kunitosha nusu ya mchana tu. Nusu nyingine naiacha tupu, na sijawahi kuona Alhamisi ikaisha nusu hiyo haijajazwa na kitu.

Wengi hufanya kinyume, na hawafanyi hivyo kwa uvivu. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kuhusu kasoro hii ya kukadiria muda kwa kufuata mambo yatakavyokwenda yakienda sawa. Kahneman mwenyewe alisimulia jinsi kikundi chake huko Israeli kilivyokadiria kwamba kingeandika mtaala wa shule kwa takriban miaka miwili. Kiliumaliza baada ya minane. Kama bingwa wa makadirio alikosea hivyo, mimi ni nani niseme nitafika Mautuma kwa dakika ishirini mwezi wa Aprili? Huwa siulizi safari inapaswa kuchukua muda gani. Nauliza mara ya mwisho ilichukua muda gani, mvua ilipokuwa imenyesha.

Kazi isiyopiga simu

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote. Ng'ombe mwenye joto hupigiwa simu. Ng'ombe anayekufa hupigiwa simu. Lakini mtungi wa naitrojeni haupigi simu. Naitrojeni iliyomo hupungua kimyakimya kwa kugeuka mvuke, na siku itakaposhuka chini ya kiwango, mbegu zote zilizomo zitakufa kwa pamoja huku kwa macho zikionekana vilevile. Daftari halipigi simu kudai lijazwe. Wakulima walioahidi kulipa baada ya mavuno hawapigi simu kabisa! Wala leseni haipigi: sheria ya mwaka 2011 inayosimamia madaktari wa mifugo na wasaidizi wao inatutaka tusajiliwe na tuwe na leseni, na kusoma mambo mapya ni sehemu ya kuishika.

Kazi za namna hii ndizo zinazobeba nyingine zote, na ndizo za kwanza kuachwa wiki ikiwa ngumu, kwa sababu hazina mdomo. Dawa yake ni moja tu niijuayo: zipewe siku na saa, kama mgeni aliyealikwa. Naitrojeni hupimwa kwa kijiti kila Jumatano asubuhi kabla sijatoka, na kama imeshuka naagiza siku hiyohiyo kutoka Eldoret. Madeni ni Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Kusoma na kuandika hesabu ni Jumapili jioni, baada ya chama.

Jumapili jioni hiyohiyo naandika pia yote yaliyobaki hayajafanyika, na mbele ya kila moja naweka siku na mahali nitakapolifanyia. Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik, akiwa Berlin, alieleza kwamba kazi iliyokatizwa hung'ang'ania kwenye kumbukumbu kuliko iliyokamilika. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister wakaongeza jambo la kututia moyo: si lazima kazi imalizike ndipo akili itulie, kuiwekea mpango kamili kunatosha kupunguza usumbufu wake. Nilikuwa nikifanya hivyo kabla ya kuwasikia, kwa sababu tu usingizi wa Jumapili ulikuwa unakuja vizuri.

Watu nao wana saa zao

Huku Magharibi huwezi kuzungumzia muda ukaacha matanga. Ijumaa mwili unatoka mochari, Jumamosi ni mazishi, na katikati ya wiki kuna mikutano ya kuchanga. Vitabu vya ofisini vitakuita mtu asiyejua kusema hapana. Lakini kwetu asiyefika kwenye matanga ya jirani atazikwa na nani? Saa hizo naziweka kwenye hesabu kama kazi yenye saa yake. Mikutano yote siwezi, huwa namwambia mwenye msiba mapema, "Mama, Jumatano sitafika, mchango wangu huu hapa, ila Jumamosi nitakuwa nanyi tangu asubuhi." Hakuna aliyewahi kununa kwa kuambiwa mapema. Watu hununa wanapongoja.

Nyumbani pia nimegawana kazi. Kuanzia saa moja jioni simu hushikwa na binti yangu aliye kidato cha pili. Anajua maswali mawili ya joto na dalili nne za kuniita mezani: amelala hawezi kuinuka, ndama amekwama, tumbo limefura, damu haikomi. Mengine anayaandika ubaoni na kumwambia mkulima daktari atapiga saa kumi na moja alfajiri. Wakulima wamezoea, na wengine sasa huanza kwa kujibu maswali kabla hajauliza. Kumfundisha mtu wako kutofautisha cha sasa na cha kesho ni afadhali kuliko kuizima simu, kwani simu iliyozimwa haitofautishi chochote.

Mkulima nikimkosesha joto moja, atangoja siku 21 nyingine. Kwa siku hizo atamlisha ng'ombe bila mimba, na mwakani maziwa yatachelewa majuma matatu, pamoja na karo iliyokuwa itoke humo. Mimi niliyechelewa sitapungukiwa hata na shilingi. Nitalipwa joto lijalo. Hilo ndilo hunisaidia kuchagua asubuhi, kazi zote zinaponikodolea macho: nauliza ni nani atakayelipa nikichelewa, na atalipa kiasi gani. Jibu likiwa "hakuna", kazi hiyo inaenda Alhamisi.